Siku Mama Alipopanda Lori la Majani Chai

Juzi niliona foleni ya watu wakitoa damu mjini Embu, na ghafla nikasikia harufu ya majani chai mabichi.

Alasiri ile ya utotoni mwangu, mimi na Mama tulikuwa Kibugu, kwenye kituo cha kupimia majani. Redio ya karani ilitangaza habari za bomu lililolipuka Nairobi. Kisha akaja chifu. Akina mama hawakumpenda, kwa sababu kila mchango aliokusanya ulipotelea kwake. Siku hiyo alivua kofia.

"Serikali inaomba damu," alisema kwa sauti ndogo.

Sasa najua serikali haina mishipa. Wakati huo nilidhani Serikali ni mzee mkubwa kuliko wote, amelala chali Nairobi, anavuja damu.

Mama alitua kikapu chake, akawa wa kwanza kupanda lori la majani.

"Mama Wanja, hata wewe?" chifu alishangaa.

"Wewe bado sikuamini," Mama alimjibu. "Lakini damu huwezi kuitia mfukoni."

Wanawake walicheka, halafu wakapanda wote. Lori lilishuka kuelekea Embu, nami nikabaki nimeduwaa mbele ya vikapu vilivyojaa. Sikuwa nimewahi kuona mtu akiacha majani yake yaharibike.

Jioni Mama alirudi na plasta mkononi. Nikamuuliza kama Serikali atapona.

Aliketi, akavua viatu.

"Watu watapona," alisema. "Huyo wako, tutaona."