Mama Aliona Mapema

Baba alikuwa mwoka mikate mjini Korogwe, miaka ya mwanzo baada ya Uhuru. Kila asubuhi alirudi kijijini kwetu Makuyuni kwa baiskeli na mikate iliyovunjika, na majirani wakatuona wenye bahati.

Mdogo wangu wa kike alianza kuugua mara alipoachishwa ziwa. Tumbo lilivimba, miguu ikakonda, choo chake kikawa cheupe chenye mafuta. Alipokuwa na miaka minne, watu walimdhania wa miwili. Zahanati walimpa dawa ya minyoo, kisha vidonge vya kuongeza damu. Damu haikupanda.

Mama alimwambia tabibu, "Hata mdogo wangu alikuwa hivi hivi. Alikufa akiwa mtoto."

"Minyoo hairithiwi, mama," tabibu akajibu, akamwita mgonjwa mwingine.

Kiangazi kimoja mama alimpeleka kwa bibi, kijiji cha Kwashemshi. Kule walikula ndizi, mahindi na maharage, mkate haukuonekana. Baada ya miezi mitatu mdogo wangu alirudi ana mashavu, anakimbizana na kuku. Mama akamwambia baba, "Nadhani ni mkate unaomdhuru."

Baba akajibu, "Mkate ninaolishia familia umdhuru mwanangu?"

Hakuwa mtu mbaya. Alimpenda mno. Kila asubuhi alimlowekea mkate kwenye chai ya maziwa, akamlisha kwa mkono wake ili apate nguvu. Mama hakubishana tena. Masika yalipoanza mtoto aliharisha siku nne, tukamzika.

Nilipokaribia miaka hamsini, damu yangu nami ikakataa kupanda. Daktari mmoja wa hospitali kubwa aliniuliza: tumbo linajaa gesi? Mimba zimewahi kuharibika? Yupo ndugu wa damu aliyeugua hivi? Nikajibu ndiyo kwa yote, nikamtaja mdogo wake mama aliyekufa utotoni, na mdogo wangu. Akaacha kuandika.

"Dalili hizi zikikutana na ndugu wa damu aliyeugua hivyo, tunashuku mapema kwamba mwili unaikataa ngano," alisema. Kipimo kilithibitisha: ngano ilikuwa ikiuharibu utumbo wangu.

Nilikwenda Chanika, alikohamia baba uzeeni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Daktari kasemaje?"

"Ni upungufu wa damu tu."

Akaitikia kwa kichwa. Mama alikuwa ameshafariki, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba aliona sawasawa.