Mume Wangu Alipoanza Kuyumba

Mume wangu alikuwa fundi wa kuezeka. Nilipoolewa Visiga nilimkuta anatembea juu ya kenchi za paa kama mtu anayekatiza sebule yake, mikono ameiachia. Alifanya kazi na mdogo wake, hadi siku mdogo wake alipodondoka kutoka juu ya ghala walilokuwa wakiliezeka Kwala. Mume wangu alikuwa karibu naye. Hakutusimulia zaidi ya hapo.

Tulimzika mdogo wake kwao, Marui. Baada ya arobaini mume wangu alirudi kazini, akapanda ngazi, akaganda katikati asiweze kwenda juu wala chini. Wenzake wakamshusha. Tangu hapo hata ardhi ilimkataa. Mabega yalimpanda, shingo ikakakamaa, akawa anatembea ameinama, miguu ameitanua kama anayevuka matope. Bati likigongwa mahali, anayumba. Alipoanguka mbele ya duka, majirani walianza kunong'ona kwamba anakunywa, mtu ambaye hajawahi kuonja hata mnazi.

Hospitali walimpima masikio, macho na miguu, wasione kasoro. Daktari alitueleza kwamba hofu na huzuni hukaza mwili, na mwili uliokazwa hushindwa kujisawazisha. Mume wangu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Nikisimama tu, namwona anakwenda chini. Mwili unamfuata."

Nikampeleka Marui kwa mama yake.  Mkwe wangu alimshika kiwiko, wakaenda taratibu hadi kaburini, mimi nikiwafuata nyuma. Hapo ndipo mume wangu aliposema, "Nilimdaka, mama. Shati likachanika."

 "Najua," mama akasema. "Walinikabidhi nguo zake. Nilipoliona lile shati nikajua kuna mtu alimshika."

Mume wangu aliketi chini kwenye mchanga, akalia kwa sauti. Sikuwahi kumsikia akilia, hata siku ya maziko.

Nilidhani atainuka amepona. Haikuwa hivyo. Mabega yamelegea kidogo, na haanguki tena mara kwa mara, lakini amebaki Marui akilima mihogo, na hapandi hata kigoda. Mimi naishi Visiga kwa ajili ya kazi, namfuata siku za mapumziko.

Masika haya paa la jiko la mama lilivuja. Aliitwa fundi wa kijiji cha jirani. Mume wangu alichukua jembe, akaenda shambani, hakurudi mpaka fundi yule alipokwisha kuondoka.