Karatasi ya Kompyuta Kwenye Kamba za Nguo

Nina diploma ya ugavi niliyoisomea usiku baada ya kazi, nimesimamia bohari kubwa Doha, na nyumba ninayojenga mtaa wa Umoja hakuna aliyenisaidia hata tofali moja. Nimesimama chini ya majengo ambayo kuyatazama hadi juu kunauma shingo. Bado sijaona kitu kirefu kama karatasi aliyotuletea baba tulipokuwa watoto mtaa wa Makongeni.

Baba alikuwa tarishi katika ofisi moja ya mjini. Ofisi ilipobadilisha mashine za kuchapisha, alirudi na furushi la karatasi za kompyuta zilizotupwa: mistari ya kijani, matundu pembeni, kila ukurasa umeshikana na mwenzake. Mama alifurahi. Kuwasha jiko kungekuwa rahisi.

"Mama, tuachie tuone inaishia wapi," dada yangu mkubwa alimsihi.

"Haya, ikunjueni. Ikikatika, inaenda jikoni. Isipokatika, ni yenu."

Chini palikuwa na matope ya maji ya kufulia, kwa hiyo tuliitundika kwenye kamba za nguo, tukiomba vibanio mlango kwa mlango. Ikapita bomba la maji, ikapita kamba za jirani, na furushi bado lilikuwa zito mikononi mwangu. Nilipogeuka nyuma mwili ulinisisimka. Kitu cheupe kilikuwa kinapumua kwa upepo, na mwanzo wake siuoni tena. Akina mama waliacha mabeseni yao.

"Hiyo ni ya harusi ya nani?" mmoja aliuliza.

"Itararuka tu!" vijana wa nyumba za nyuma walituzomea.

Ndipo akaja muuza maji, mkokoteni umejaa mitungi. Njia ilikuwa moja, na karatasi imeikatiza.

"Sasa nipite wapi, watoto?"

"Ngoja, mzee! Hii ni mali ya ofisi!" dada alimfokea, watu wakaangua kicheko.

Mzee hakungoja. Alipoanza kuvuta mkokoteni, kibanio kimoja kiliachia, karatasi ikashuka kuelekea mitungini. Dada hakuifikia. Nilifumba macho.

Nilipofumbua, mama alikuwa katikati ya njia, mikono imejaa unga, ameiinua juu ya kichwa kwa ncha za vidole. Muuza maji aliinama, mkokoteni ukapita chini ya karatasi polepole. Hakuna aliyecheka.

"Wee," mama akaniambia bila kushusha mikono, "unangoja nini? Kunjua!"