Mama Wastani na Umri wa Nchi

Alipoajiriwa ofisi ya takwimu, akiwa na miaka ishirini na miwili, alipewa meza inayoyumba, mashine ya kukokotolea ya kuzungusha kwa mkono, na mafungu ya fomu za vifo yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Kazi haikuwa na siri. Unafungua fungu, unatafuta palipoandikwa umri, unaweka fomu kwenye rundo lake. Chini ya mwaka mmoja hapa, mwaka mmoja hadi minne pale, hivyo hivyo hadi wale wa themanini, ambao siku hizo walienea kiganjani. Ukimaliza unahesabu, unalinganisha na idadi ya walio hai, unazungusha mashine wiki tatu, na mwishoni inatoka namba moja: wastani wa miaka ambayo mtoto aliyezaliwa mwaka ule angetarajiwa kuishi.

Mwaka wake wa kwanza ilitoka arobaini na sita. Wenzake wakambatiza Mama Wastani kabla hata hajawa mama wa mtu.

Jioni alimtajia mumewe, fundi cherehani mwenye miaka thelathini. Fundi alimaliza kwanza kola aliyokuwa akiishona, akakata uzi kwa meno.

"Kwa hiyo nimebakiza kumi na sita."

"Siyo hivyo, mume wangu. Watoto wachanga wanakufa wengi, ndio wanaouvuta huo wastani chini. Wewe umeshavuka huko."

"Sasa mbona mnanitia kapu moja na watoto wachanga?"

Alimweleza tena. Fundi alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, na tangu siku hiyo kila ripoti ilipotoka aliuliza, "Tumefika ngapi?" kama anaulizia matokeo ya mpira.

Mwaka wa tatu wa kazi, binti yao wa kwanza alikufa kwa surua. Alikuwa na miezi minane. Mama Wastani alirudi ofisini baada ya wiki mbili, na mwezi uliofuata fungu la wilaya yao likafika mezani. Karani wa meza ya jirani, mwanamke mtu mzima, alinyoosha mkono.

"Lete hilo, mwanangu, nitalifanya mimi."

"Hapana, mama. Ni wangu. Nitamwingiza mwenyewe."

Alifungua kamba, akaikuta fomu, akaona sahihi ya mumewe pale chini, akaiweka juu ya rundo la chini ya mwaka mmoja, lililokuwa refu kupita yote mezani. Kisha akachukua iliyofuata. Hakulia. Alilia siku tatu baadaye, nyumbani, kisa sufuria imeungua.

Miaka ikasogea. Chanjo zikafika hadi zahanati za mbali, visima vikachimbwa, rundo la watoto likaanza kupungua. Namba ikapanda hadi hamsini, kisha hamsini na tatu. Mama Wastani akajaliwa watoto wengine wawili, na siku za chanjo alikuwa anafika zahanati kabla ya muuguzi mwenye ufunguo.

Halafu likaanza kuvimba rundo ambalo hakulitegemea: la watu wa miaka ishirini na tano hadi arobaini. Walimu, madereva, wauguzi, watu waliooa juzi. Kulikuwa na ugonjwa mpya, na mahali pa chanzo cha kifo waandishi wa fomu waliandika "homa", au waliacha wazi. Namba ikaporomoka hadi arobaini na nne. Fundi alipokaribia miaka arobaini na minne alijikatia suti nyeusi ya kuzikwa nayo, ili, kama alivyosema, asije akashonewa na fundi mwingine. Aliivaa kwenye mazishi ya wadogo zake wawili, na kufikia mwaka wa pili mikono ya koti ilishachakaa.

Mwaka huo mkuu mpya wa ofisi alimwita Mama Wastani.

"Hii arobaini na tatu ni nini?"

"Ni jibu, Mkuu."

"Nchi haiwezi kurudi nyuma kiasi hiki. Rudia."

Alirudia mara tatu, wiki tisa. Jibu halikusogea.

"Basi andika hamsini," mkuu akasema bila kuinua macho.

"Hizo saba nizitoe wapi, Mkuu? Nimfufue nani?"

Kesho yake alihamishiwa stoo ya majalada, chini ya ngazi, akapewa kiti na kitambaa cha vumbi. Ripoti ikatoka na hamsini yake. Alikaa kule miezi kumi na minne. Mumewe alipouliza tumefika ngapi, alijibu, "Niko stoo, sijui," na fundi kwa mara ya kwanza akapandwa na hasira kwa niaba ya namba.

Aliyemtoa stoo ni wizara ya afya. Walitaka kujua wagonjwa wa umri gani waagiziwe dawa, na hamsini ya mkuu ilikuwa na kichwa lakini haina mwili: hapakuwa na jedwali linaloizaa. Mkuu alishuka ngazi mwenyewe.

"Dada, yale majedwali yako unayo bado?"

"Yako nyuma yako, Mkuu. Rafu ya pili."

Dawa zikaagizwa kwa majedwali yale. Hakuna aliyemwomba radhi. Alirudishiwa meza, na meza ikaendelea kuyumba. Namba ikakaa chini miaka michache, halafu ikaanza kupanda taratibu, na mwaka aliostaafu ilikuwa sitini na nne. Kompyuta iliitoa kwa sekunde kumi na moja. Yeye alitumia siku zake sita za mwisho kuihakiki kwa mkono, akakuta ni kweli, akaaga.

Siku hizi kila Jumanne anampeleka fundi, mwenye sabini na tatu, kliniki ya shinikizo la damu. Wiki iliyopita benchi lilikuwa limejaa, na kwenye kona alikaa mkuu wake wa zamani, na fimbo.

"Foleni gani hii!" mkuu akalalamika. "Tangu asubuhi sijasogea. Wazee tumezidi."

"Tumezidi kweli," Mama Wastani akasema. "Jisogeze kidogo, Mkuu, mzee wangu akae."

Mkuu akajisogeza.