Mashtaka Ishirini na Saba ya Mzee Armand

Jirani yetu Armand Thibodeau hajui kukaa. Hata kahawa huinywa akitembea, jikoni hadi barazani, barazani hadi jikoni, funguo zikilia mfukoni. Kwa miaka thelathini na mmoja ameendesha gari la kusukuma theluji hapa mjini, na miaka hiyo hiyo, kila tarehe nne Julai, amesimama kwenye ngazi za maktaba kutusomea Azimio la Uhuru wa Marekani. Siku nyingine maneno humtoka moja moja: "Ee." "Sijui." "Barabara mbaya." Lakini akishika ile karatasi anakuwa mtu mwingine kabisa.

Yeye hapendi sana ule mwanzo tunaokaririshwa shuleni, wa watu wote kuumbwa sawa. Anapenda katikati, kwenye mashtaka dhidi ya mfalme wa Uingereza. Amekataa sheria zetu. Ametuletea majeshi. Amechoma miji yetu. Kila shtaka likiisha tunazomea, "Uuuu!" mpaka mbwa wanabweka. Ni shtaka la mwisho tu, linalowatukana wenyeji wa asili wa nchi hii, analolisoma akitazama viatu vyake, na hakuna anayezomea.

Niliwahi kumuuliza hiyo orodha ina nini.

"Msumari hauingii kwa pigo moja, binti," alisema. "Maneno mazuri hayamtoi mtu nyumbani kwake. Anayetoka ni yule aliyeambiwa amefanyiwa hili, na hili, na hili tena."

Februari ikatoka ajenda ya mkutano mkuu wa mji. Kifungu cha kumi na nne: usomaji ufupishwe, mashtaka yaondolewe. Aliyekileta ni Verna, mwenyekiti wa kamati ya sherehe. Verna ni dada wa marehemu mke wa Armand, na ndiye anayempelekea maharage ya kuoka kila Jumamosi.

"Shemeji, watu wanaungua jua," alimwambia pale barazani, sufuria mkononi. "Mwaka jana mama wa watu kaanguka kwenye shtaka la kumi na tisa. Na huyo mfalme kafa zamani, bado tu mnamsuta?"

"Ukitoa katikati kinabaki nini?"

"Zinabaki dakika nne, na soseji zinaliwa za moto."

"Basi mimi sisomi."

"Atasoma mwingine! Kwani wewe ndiye uliyeandika?"

Maharage aliyapokea. Usingizi ndio ulimkataa. Siku moja barabara yetu ilisukumwa theluji mara tatu, na theluji yenyewe haikuanguka.

Jumanne ya kwanza ya Machi tukajaa ukumbi wa michezo wa shule, mabuti yana tope, akina mama wanafuma. Mkutanoni kwetu hairuhusiwi kumjibu mwenzako moja kwa moja. Unasema na msimamizi. Armand akasimama, karatasi mkononi.

"Bwana msimamizi. Kamati ya sherehe imefuta gwaride la matrekta bila kutuuliza."

Akashusha kidole kwenye mstari wa pili.

"Imehamishia mashindano ya pai kwenye lami, pai zikayeyuka."

Nyuma kabisa mtu akaanza, "Uuuu!"

"Imekodi spika zinazopiga miluzi!"

"Uuuu!" Sasa ni nusu ya ukumbi. Msimamizi akagonga nyundo, naye anacheka. Hata mimi nilizomea, sifichi.

Hapo Armand akaiacha kamati akalishika jina. "Verna amefunga choo cha maktaba siku ya sherehe, mji mzima!"

Ukumbi ukalipuka. Nikakumbuka alichotuambia mwalimu wa historia: mengi ya mashtaka yale yalikuwa kazi ya bunge la Uingereza, lakini waandishi walimtwisha mfalme, maana bunge zima linazomewaje? Uso mmoja unatosha.

Na uso wenyewe ulikuwa mstari wa mbele. Sindano za Verna zilikuwa zimesimama.

Armand akamwona. Karatasi bado ilikuwa na mistari mingi. Akaikunja mara mbili, mara nne.

"Bwana msimamizi," alisema. "Kile choo kilipasuka bomba. Nililipasua mimi, kwa gari la theluji. Verna alijua, akanificha nisifukuzwe kazi."

Akaketi. Sijawahi kumwona akiketi hivyo, magoti pamoja, kama mtoto wa shule.

Mikono ikahesabiwa. Kufupisha, sabini na moja. Kubaki kama zamani, sitini na nne. Zile kura alikuwa nazo mkononi, na alizitupa mwenyewe.

Jumamosi ile maharage hayakuja. Wala iliyofuata. Armand akapaka rangi ngazi za baraza, akazikwangua, akazipaka tena. Tarehe nne Julai mwalimu mmoja akasoma kwenye maktaba kwa dakika nne. Tukapiga makofi, tukageukia soseji.

Nikamfuata Armand nyumbani. Alikuwa barazani na karatasi yake, anatembea, midomo inacheza bila sauti. Verna akaingia uani na kiti cha kukunja kwapani na sufuria mkononi. Akakikunjua kiti mbele ya ngazi.

"Kura ilikuwa ya ngazi za maktaba," alisema. "Hizi hazikutajwa. Na kile choo, shemeji, ungenitaja kwa kingine."

"Nilikuwa nacho kingine."

"Najua. Soma, maharage yanapoa."

Akasoma shtaka la kwanza. Wasikilizaji tulikuwa wawili tu, na Verna alizomea mpaka mbwa wa kwetu akaitikia.