Ukuta wa Upande wa Ziwani

Nilifika kijiji kile cha kando ya ziwa, nchi ya Wasukuma, miaka ya hamsini, nikitoka Ujiji, fundi mwashi mwenye majivuno ya kuwatosha watu watatu. Serikali ilitaka ukumbi wa starehe, nami nikaujenga: kuta nne za mawe, madirisha madogo ya kuzuia upepo, mlango mmoja mpana. Kila asubuhi nilipita kuupapasa kama mtu anayempapasa ng'ombe wake.

Ulifunguliwa baada ya mavuno. Kundi la ngoma likaingia, likacheza wimbo mmoja, likatoka. Wiki iliyofuata hakuingia mtu. Watu walichezea nyuma ya ukumbi, juani, vumbi tele, huku sakafu yangu ya saruji imekaa bure. Mwanangwa, yaani mkuu wa kijiji, aliniambia waziwazi kwamba ukumbi ukiendelea hivyo hadi mwisho wa msimu, bwana shauri, yule mkuu wa wilaya, ataugeuza ghala la pamba. Niliumia, nisiseme uongo. Lakini zaidi nilitaka kujua wamekosa nini mle.

Nikaanza kupeleleza. Waliogopa paa la bati? Giza? Nilijaribu hata mwangwi, nikaimba peke yangu mle ndani hadi wapita njia wakachungulia. Mwisho nikamwendea mama mwenye nyumba niliyopanga, Msukuma mtu mzima, mpenzi mkubwa wa ngoma.

"Shikamoo mama. Mbona hamwingii ukumbini?"

"Marahaba. Hivi baba, umewahi kuiona mbina ikishindaniwa?"

Mbina ndiyo ngoma. Sikuwahi, maana Jumamosi zote nilikuwa nalala kwa hasira. Akanipeleka. Makundi mawili yalicheza kwa wakati mmoja, hatua chache tu kati yao, na watazamaji walikimbia kutoka huku kwenda kule. Mwamuzi hakuwepo. Kundi lililobaki na watu wengi jua likizama ndilo lililoshinda.

"Sasa mle ndani," akasema, "huyu akinichosha, nikimbilie kwa nani?"

Nilicheka, lakini nilishajua linalonisubiri. Nikaomba ruhusa kwa mwanangwa, nikaubomoa ukuta wa upande wa ziwani, uliotazama uwanja wa ngoma, kwa nyundo yangu mwenyewe, nikaacha nguzo mbili za kushikilia paa. Kila jiwe lililoanguka lilinichoma moyo.

Jumamosi iliyofuata kundi moja lilicheza ndani, jingine uwanjani. Ukumbi ulifurika, nikakosa pa kusimama, nikafurahi kama bwana harusi. Ndipo kiongozi wa wale wa nje akapanda mabegani mwa wenzake, wakawa wanarukaruka naye huku yeye ananyoa ndevu kwa wembe, bila kioo. Watu wote wakamwagika nje.

Mwanangwa alinitafuta ukumbini aniambie habari ya ghala imekwisha. Hakunikuta. Nilikuwa uwanjani, mstari wa mbele, nimeupa mgongo ukumbi wangu, napiga makofi mpaka viganja vinauma.