Mkono wa Kuziba

Mume wangu alikuwa fundi cherehani hapa Rumonge, lakini ungemuuliza mtu yeyote wa mtaa wetu wa Waswahili, angekwambia ni mpiga gitaa. Nilimwona mara ya kwanza kwenye ngoma za uhuru, amesimama juu ya meza ya watu, vidole vinakimbia. Pembeni yake mwenzake alikuwa akipiga ile sauti ya chini, kavu, ya haraka, isiyopumzika. Wasichana wenzangu walimtazama yeye wa mezani. Mimi nilisikiliza ile ya chini. Walinicheka, na mpaka leo nasema hawakuwa na masikio.

Sauti ile tuliiita akompa. Ndiyo inayombeba mpiga solo; ikikosekana, solo inabaki kama mtu anayeongea peke yake njiani. Tulikwisha oana na kupata mtoto wakati yule mwenzake alipohamia Kigoma kutafuta maisha, mwanzoni mwa mwaka wa sabini na mbili. Harusi ya wifi yangu ilikuwa inakaribia. Mume wangu alitafuta mtu wa akompa mpaka Muhuta, akakosa, akarudi amenuna.

Nikamwambia, "Nifundishe mimi."

Akacheka mpaka akakaa chini. Alipoona mimi sicheki, akanipa gitaa.

Kazi yenyewe ni hii: unalaza ukingo wa kiganja juu ya nyuzi, karibu na pale zinapofungwa, unazigusa tu, kisha unachapa chini na juu kwa kipande cha kitana. Uzi unasema neno fupi, mengine unayameza. Ukisogeza mkono mbele, sauti inakufa. Ukiurudisha nyuma, inalia ovyo. Yeye aliita kuziba. Sasa mimi nimekulia Kigwena kwenye michikichi, mikono yangu imezoea kukamua mawese, kwa hiyo kila nilipotaka kwenda mbio, nilikaza.

"Mama we, hapa si mawese!" alikuwa akisema. "Usikamue. Ziba tu. Acha mukono ilegee, mbio itakuja yenyewe."

"Mbio itatoka wapi kama mukono iko imelala?"

"Iko mu kulegea humo humo. Jaribu."

Siku nyingine nilimchukia, wallahi. Mkono ulikaza mpaka begani, nikatupa kile kitana, nikaenda kutwanga majani ya sombe kwa hasira.

Kisha likaja lile janga ambalo Warundi wanaliita ikiza. Mapigano yalianza huku kwetu kando ya ziwa, baadaye wakaja askari, na wanaume wakaanza kuchukuliwa. Ndagala, dagaa za ziwani, zilioza pwani kwa kukosa wa kuzianua. Harusi ikaahirishwa, hakuna aliyesema mpaka lini. Muziki ukawa kitu cha kuogopa, maana nani angethubutu kusikika anafurahi? Lakini gitaa lililozibwa halivuki ukuta. Basi mchana, mtoto akilala, tulifunga mlango tukakaa mkekani, magoti kwa magoti. Mimi nilipiga akompa, naye, kwa kuwa gitaa lilikuwa moja, alipiga solo yake kwa vidole kwenye goti langu. Sikuwahi kumpenda vile kabla. Kila mara, tulipokaribia ile mbio yenyewe, mkono wangu ulikaza na wimbo ukavunjika, tukaanza upya.

Asubuhi moja jirani alikuja kusema wanaume wa mtaa wanaitwa. Mume wangu alivaa shati lake la kazi, sindano imechomekwa kwenye kola.

"Bado unakamua," akaniambia mlangoni. "Ukishajua kuziba, nitakufundisha kuzibua."

Kuzibua ni kuinua kiganja, uuache uzi uimbe. Ndiyo mlango wa solo. Nilimjibu kwa ukali aache mzaha, aende, arudi upesi.

Nilingoja. Wanawake wenzangu wakaanza kuvuka ziwa na watoto, nami nikavuka, mtoto mgongoni, gitaa kwenye kanga. Hakuna aliyetuambia waume zetu wako wapi. Mpaka leo hakuna kaburi la kwenda kusimama.

Mkono ulilegea Kigoma. Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti, gitaa mapajani, sifikirii lolote, na ile mbio ikaja yenyewe, safi, haikati, kama alivyosema. Niligeuka kumwambia. Nililia mpaka mtoto akaogopa.

Nilirudi Rumonge nikiwa nimezeeka. Mwaka jana mjukuu wangu wa kike alikuja kutoka Bujumbura na gitaa la umeme. Anapenda muziki wa kelele, wanauita metali, watu wananguruma ndani yake kama wanaumwa jino. Nilikuwa naucheka, mpaka niliposikia chini ya zile kelele ile sauti kavu, ya haraka, iliyozibwa. Alikuwa amekwama hapo, mkono umekaza mpaka begani. Nilimnyang'anya gitaa nikamwonyesha.

"Bibi! Hii umejifunza wapi?"

Niliendelea kupiga. Mkono wangu ni mzee lakini hauchoki kwa hilo. Akaanza kucheza kwa furaha, akapiga makofi.

"Sasa achia mukono, Bibi! Fanya ilie!"

Niliinua kiganja. Nyuzi zikalia zote kwa pamoja, ovyo, nikazifunika haraka.

"Hiyo sijafundishwa," nikamwambia. "Mwalimu hajarudi."